Kitafutio cha ufadhili cha CareerOneStop: kinapofaa na kinapoishia

Kwa familia ya Waswahili iliyoko Marekani yenye kijana wa darasa la 11 au la 12, CareerOneStop ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta fedha za chuo. Tovuti hii iko chini ya udhamini wa Wizara ya Kazi ya Marekani. Haidai hata senti, na huhitaji kufungua akaunti. Hilo la akaunti si dogo. Tovuti kadhaa za kibiashara humtaka kijana aandike kwanza namba ya simu, anwani na tarehe ya kuzaliwa, kisha matangazo ya mikopo na vyuo asivyovijua yanaanza kumiminika. Hapa unaingia, unachuja, unasoma, unaondoka.

Kuchuja ndiko kazi yenyewe, maana orodha ina maelfu ya nafasi. Anza na aina ya msaada. Humo ndani ufadhili na ruzuku vimewekwa pamoja na mikopo, na mkopo hurudishwa, kwa hiyo uondoe mapema. Kisha chagua ngazi: shahada ya kwanza, au ya miaka miwili kwa anayeanzia chuo cha jamii. Weka jimbo mnaloishi. Halafu kuna kichujio cha uanachama ambacho watu hukiruka: jeshi, dini, asili ya mtu, chama cha wafanyakazi. Mzazi anayekatwa ada ya chama kwenye mshahara wake akikague hiki. UFCW, kwa mfano, chenye wanachama wengi katika viwanda vya nyama, kimekuwa kikitoa ufadhili kwa wanachama na watoto wao.

Kila tokeo lina ukurasa wake wenye kiasi, masharti na namna ya kuomba. Ila siku ya mwisho mara nyingi imetajwa kwa mwezi tu, na mfadhili anaweza kuwa amebadilisha masharti tangu taarifa zilipoingizwa. Usijaze chochote kabla hujafika kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe na kuona tarehe ya mwaka huu. Soma pia sharti la uraia: mahali pengine huandikwa "raia au mkazi wa kudumu", na aliyeingia kama mkimbizi akiwa bado hajapata kadi ya ukaazi aulize kwanza.

Upungufu mkubwa ni fedha za karibu. Klabu ya Rotary ya mji, kanisa, chama cha akiba na mikopo, familia iliyofungua mfuko kumkumbuka mwalimu: hao hutoa dola 500 au 1,000 kwa wahitimu wa shule moja au kaunti moja, na tangazo lao halivuki ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kitafutio cha taifa hakiwezi kuwaona wote. Na huko ndiko ushindani uliko mwepesi, kwa kuwa anayeshindana na kijana wako ni mwenzake wa shule, si nchi nzima. Mwombe mshauri wa shule orodha ya mwaka huu na ya mwaka uliopita. Mifuko mingi hurudi msimu uleule. Kisha tafuta wakfu wa jamii (community foundation) wa kaunti yenu, yaani shirika la hisani linalosimamia mifuko ya aina hii. Nyingi hutumia fomu moja ya jumla ambayo humpeleka mwombaji kwenye mifuko kadhaa kwa mpigo.

Indiana ni mfano wa kwa nini kuchelewa kunaumiza. Ufadhili wa Lilly Endowment, shirika la hisani la jimbo hilo, hupitia wakfu za jamii katika kaunti zote 92 za jimbo hilo. Hulipa ada kamili ya miaka 4 katika chuo cha Indiana, pamoja na hadi dola 900 kwa mwaka za vitabu na vifaa. Baadhi ya kaunti hufunga maombi Agosti au Septemba, darasa la 12 likiwa ndiyo kwanza limeanza. Anayengoja majira ya kuchipua ameshaukosa.

Andaa mapema matokeo ya shule, insha ya maneno kama 500 na barua mbili za mapendekezo. Mwalimu apewe wiki tatu pamoja na karatasi yenye kazi za kijana za nyumbani na za kujitolea. Kutafsiria wazazi hospitalini au kulea wadogo zake ni kazi, ziandikwe. Jina lifanane kila mahali; shule ikiwa na Mapendo Amani na kadi ya ukaazi ikisoma Amani Mapendo, fomu hukwama. Mifuko inayoangalia uhitaji huomba takwimu kutoka FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za chuo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1, kwa hiyo ijazwe kwanza. Na popote panapodaiwa ada ya kuomba ufadhili, ondoka.

Ufadhili ukipatikana, chuo lazima kijulishwe, na baadhi ya vyuo hupunguza msaada wao kwa kiasi hichohicho. Piga simu ofisi ya misaada ya fedha uulize: mtapunguza mkopo, au ruzuku? Wakisema ruzuku, omba waanze na mkopo au kazi ya chuoni. Muulize na mfadhili kama anaweza kugawa fedha hizo kwa miaka miwili. Sehemu itakayolipia chumba na chakula, tofauti na ile ya ada na vitabu vya lazima, huhesabiwa kuwa kipato kwenye kodi, basi tunza risiti.