Rangi Iliyoburutwa Mara Moja: Maonyesho ya Jack Whitten, New York

Tiketi ya mtu mzima katika MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa, ni dola 30, bei ambayo si ndogo, na niliilipa nikinung'unika. Kuanzia Machi 23 hadi Agosti 2, 2025, jumba hilo lilionyesha kazi zaidi ya 175 za Jack Whitten, msanii Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Bessemer, Alabama, mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018. Nilipofika kwenye michoro yake ya miaka ya 1970 manung'uniko yalikuwa yamekwisha.

Humo hamna sura ya mtu, mti wala nyumba. Whitten alitandaza turubai chini, akairundikia rangi ya akriliki tabaka juu ya tabaka, kisha akaiburuta yote kwa mkupuo mmoja kwa chombo cha mbao alichojiundia, chenye upana wa futi 12 hivi, ambacho alikipa jina la dawa ya kusafishia picha za kamera. Aliyewahi kumtazama fundi uashi akisawazisha lipu kwa ubao atauelewa mwendo huo bila kuelezwa, ila fundi wetu huruhusiwa kurudia. Wakati mwingine Whitten alificha kokoto au nyaya chini ya turubai, ili chombo kinapopita juu yake rangi ikwaruzike mahali ambapo mkono wake haukupapanga kikamilifu. Maandalizi yalikuwa marefu, na tendo lenyewe la sekunde chache tu. Mbele ya mchoro wa mwaka 1974 uitwao Siberian Salt Grinder nilijikuta nikiinama kando, nikifuatilia tabaka za chini zinavyochungulia kupitia za juu.

Sanamu zake za mbao nilizipitia haraka, pengine kwa kosa langu. Picha yake iitwayo Atopolis ya mwaka 2014, yenye paneli 8 zilizojazwa vipande vya akriliki iliyokaushwa, ikakatwa na kubandikwa kama mozaiki, niliiheshimu kuliko nilivyoifurahia: subira yake ni ya ajabu, lakini nilikosa ile hatari ya mkupuo mmoja.

Maonyesho yamefungwa, ingawa kazi hizo mbili nilizozitaja ni mali ya jumba hilo. Atakayebahatika kuzikuta zimetundikwa asianze kuzitazama kutoka mbele. Asogee ubavuni, mwanga unapoangukia kingo za rangi.