Seti za chumba cha rubani kwa maketi za ndege: ipi ununue kwanza ukiwa Lubumbashi

Maketi nyingi za plastiki, yaani ndege ndogo za kuunganisha, huja na chumba cha rubani cha kawaida sana: sakafu bapa, kiti kisicho na mikanda, dashibodi ya stika moja. Seti za kuongezea hurekebisha hayo yote. Tatizo ni kwamba zinaagizwa nje. Zinafika kupitia ajansi ya mizigo au ndani ya sanduku la ndugu anayesafiri, na ukikosea huwezi kurudisha. Ndiyo maana hapa tumezipanga kwa swali moja: ndege ikishakamilika na kioo kikiwa mahali pake, pesa uliyotoa inaonekana?

Kabla ya kulipa, soma jina la kampuni ya maketi kwenye kifungashio. Seti hutengenezwa kwa maketi ya kampuni moja na kwa kipimo kimoja. Kuandikwa "T-6, 1/48" (aina ya ndege, na kipimo: mara 48 ndogo kuliko ya kweli) hakutoshi, kwa sababu upana wa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, ndani hutofautiana toka kampuni moja hadi nyingine. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuzuia nusu mbili za bodi zisifunge. Kumbuka pia kwamba maketi ya mold ile ile (kalibu ya kumiminia plastiki) huuzwa ndani ya boksi la jina jingine: Revell, kwa mfano, imekuwa ikitoa tena mold nyingi za Monogram. Ukilijua hilo, unaweza kutumia seti ambayo wengine wanaipita.

1. Stika za 3D

Hizi ndizo tunazoweka juu, hasa kwa 1/48. Quinta Studio, Red Fox Studio na Eduard, kwa seti zake za Space, huchapisha dashibodi na konsoli kwa rangi kamili, vitufe vikiwa vimeinuka na vioo vya saa vikiwa vinang'aa. Kwa kawaida bei yake iko karibu na dola 20. Karatasi nzima inaingia katikati ya daftari, kwa hiyo msafiri hawezi kukataa kukubebea.

Kwanza futa kwa msasa vitufe vyote vilivyoinuka kwenye dashibodi ya plastiki, hadi iwe bapa kabisa. Paka rangi ya ndani, acha ikauke. Kata kipande kimoja tu, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi kiteleze, kisha kibandike kwa kole nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Usitegemee gundi ya stika yenyewe. Vipande hivi ni vigumu kuliko stika za kawaida, na kingo zake huinuka baada ya siku chache. Dawa ya kulainisha stika haisaidii kitu hapa.

2. Kiti peke yake

Kupitia kioo kilichofungwa, jicho huona kiti kwanza, kisha sehemu ya juu ya dashibodi. Kwa 1/72 kiti cha rezini (plastiki ya kumiminwa) chenye mikanda iliyomiminwa pamoja nacho kinatosha, na mara nyingi hakifiki dola 12. Hakikisha aina ya kiti. Mirage 5 na MB-326, ambazo zote ziliruka na jeshi la anga la Zaire, zilitumia kiti cha kurusha rubani cha Martin-Baker Mk 4. Fouga Magister, ile iliyoruka kwa upande wa Katanga mwaka 1961, haikuwa na kiti cha kurusha. Muuzaji akikuwekea kimoja kwa Magister, mwachie.

3. Chumba kizima cha rezini

Aires, Eduard kwa jina la Brassin, na CMK, zote za Ucheki, ndizo zinazojulikana zaidi. Utatoa dola 25 hadi 45 kwa 1/48. Ni kazi nzuri mno kuitazama, lakini nunua ikiwa tu utaacha kioo wazi au unajenga 1/32. Magister ni tofauti: kioo chake ni kirefu, viti viwili viko mmoja nyuma ya mwingine, na kila kitu kinaonekana. Pia donge la rezini mbele linasaidia uzito wa pua, ili ndege isikalie mkia. Bado utaongeza madini ya risasi kidogo.

Osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya mold hufukuza rangi. Kata kitako cha kumiminia kwa msumeno mwembamba, ukiacha milimita moja. Iliyobaki isugue kwenye msasa namba 180 uliolala juu ya kipande bapa cha kioo cha dirisha, kisha namba 320, ukigeuza kipande kila mara kisije kikalala upande. Sugua kwa maji tu na uvae barakoa ya FFP2: vumbi la rezini haliingii mapafuni bila madhara.

Kisha inakuja sehemu inayoharibu maketi nyingi. Kuta za plastiki lazima zipunguzwe kwa ndani. Ishike nusu ya bodi mbele ya taa. Mwanga ukianza kupenya, simama. Funga bodi kwa utepe bila kole, chumba kikiwa ndani, na fanya hivyo mara nyingi. Isipofunga chini, tatizo kwa kawaida ni sakafu kugonga dari ya shimo la gurudumu la mbele, jambo la kawaida kwa Mirage. Punguza zote mbili kidogo kidogo. Jaribu pia kioo cha mbele: kifuniko cha juu ya dashibodi kikizidi urefu, kioo hakikai.

Kole ya plastiki haishiki rezini. Tumia superglu, na masika ujihadhari zaidi: hewa yenye unyevu huifanya iache ukungu mweupe kwenye kioo. Kioo chenyewe kibandike kwa kole nyeupe. Kipande kilichopinda kiweke kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, kinyooshe, kisha kitie kwenye maji baridi.

4. Vibati vya shaba

Hivi ni vipande vyembamba vya bati la shaba. Mikanda ya shaba ni mizuri. Seti nzima ya vibati, hapana: vitufe vinabaki bapa, na kukunja vipande vya milimita mbili kunahitaji koleo maalumu ambayo nayo utaiagiza. Nunua mikanda peke yake, uiongeze kwenye namba 1.