Kuishi Kariakoo: mtaa unaomfaa mwenda kwa miguu

Anayetafuta chumba katikati ya Dar es Salaam ataelekezwa Kariakoo na madalali kwa sifa moja kubwa, nayo ni ukaribu wa kila kitu, na kwa hilo hawadanganyi. Soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, maduka ya jumla, hospitali ya Mnazi Mmoja na kituo cha mwendokasi cha Gerezani vyote hufikika kwa miguu.

Historia ya mtaa huu nayo ni ya watembea kwa miguu. Baada ya Waingereza kuutwaa mji Septemba 1916, hapa palikuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na jina la kikosi likabaki kuwa jina la mtaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki, si mwenye mzigo, jambo ambalo kwangu ni dhuluma. Utawala wa Kiingereza uliendelea kulitenga eneo hili liwe makazi ya Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati yao na Uhindini.

Mitaa iliyonyooka ya enzi hizo ingali faida kwa mkazi, kwani hata mgeni hapotei kwa urahisi. Nyumba zenyewe ndizo zinazotoweka. Katika nyumba ya Kiswahili iliyobaki utapata ua, majirani wanaojuana, choo cha pamoja na Luku ya kuchangia. Ghorofani utapata faragha, lakini vipaza sauti vya wauzaji vitakufuata hadi kitandani. Mwenye gari atafute mtaa mwingine, maana pa kuliegesha ni tabu.

Ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 limenifanya nipendelee nyumba ya chini, ingawa nayo ina hatari yake: kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, muulize mwenye nyumba kama ana mpango wa kuvunja ajenge ghorofa, kwa sababu dalali hatakuambia.