Ramani ya Uhalifu ya Police.uk: Isome Hivi Kabla Hujapanga Chumba Mji Mdogo wa Uingereza

"Dada, shikamoo. Nimepata kazi Boston, kamji kadogo, sina ninayemjua huko. Kuna usalama kweli?" Ujumbe wa sauti wa namna hii haukauki kwenye simu yangu, na jina la mji hubadilika tu: leo Spalding, kesho Skegness, keshokutwa Grantham. Baadhi ya wanaouliza ni wauguzi wanaotoka nyumbani moja kwa moja. Wengine wamo humu humu nchini. Visa ya kulea wazee ilifungwa kwa walio nje Julai 2025, lakini waliokwisha kuingia bado wanahama mji hadi mji kutafuta mwajiri mpya. Wote nawaelekeza kwenye tovuti moja, police.uk, halafu nawaeleza namna ya kuisoma, maana nimeshaona watu wakiifungua, wakaona namba, wakaingiwa na hofu na kuachia nyumba nzuri iliyokuwa jirani na kazini.

Ni huduma ya bure, wala haitaki ujisajili. Unaandika postikodi ya nyumba unayoitaka, unaletewa ramani ya mtaa yenye matukio yaliyoandikishwa polisi mwezi mmoja, yakiwa yamegawanywa katika mafungu 14: wizi wa nyumba, wizi wa madukani, wizi wa baiskeli, makosa ya magari, dawa za kulevya, kupatikana na silaha na kadhalika. Unaweza kurudi nyuma mwezi kwa mwezi. Ramani hizi zilifunguliwa mwanzoni mwa 2011, na siku ya kwanza watu walizivamia kwa wingi mpaka tovuti ikazidiwa, ikawa haifunguki. Zinahusu England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Anayekwenda Scotland asijisumbue, huko hazifiki. Anayekwenda Manchester naye ajue kwamba polisi wa huko waliacha kupeleka takwimu zao mwaka 2019 walipobadilisha mfumo wa kompyuta, na pengo hilo lilidumu miaka, kwa hiyo ramani nyeupe ya miezi ile isimdanganye.

Mimi naishi Boston, Lincolnshire, na mifano yangu mingi ni ya hapa. Ni mji wa soko la Jumatano na Jumamosi, wenye mnara mrefu wa kanisa la Mtakatifu Botolph ambao wenyeji wanauita Stump na unaonekana kutoka mbali sana kwa kuwa nchi yote hii ni tambarare. Wilaya nzima ilihesabiwa kuwa na watu kama 70,000 katika sensa ya 2021. Kazi kubwa ni mboga: kulima kabichi na koliflawa, na kuzifungasha viwandani. Ndiyo maana madukani utasikia Kipolandi, Kilithuania na Kiromania kabla hujasikia Kiingereza. Sisi Waafrika tumekuja baadaye, wengi kupitia hospitali ya Pilgrim na nyumba za wazee.

Sasa ukiandika jina la mji huu kwenye intaneti pamoja na neno uhalifu, kitakachokuja juu ni vichwa vya habari vya Januari 2016 vilivyouita mji wenye mauaji mengi kuliko yote England na Wales. Mdogo wangu alivisoma akiwa Tanga, akanipigia usiku akilia. Nami nilimweleza hivi: namba ile ilichanganya waliouawa na walionusurika kuuawa, kisha ikagawanywa kwa idadi ya watu. Katika mji wa watu wachache, matukio machache ya mwaka mmoja yanatosha kuupandisha juu ya miji mikubwa yote, na mwaka unaofuata ukashuka bila kitu chochote kubadilika mtaani. Simaanishi kwamba waliouawa ni wachache kiasi cha kupuuzwa, kila mmoja alikuwa na mama yake. Ninachosema ni kwamba kiwango cha namna ile hakimwambii muuguzi kama barabara anayorudia saa nne usiku ina hatari.

Na hapo ndipo police.uk inapozishinda tovuti za madalali wa nyumba zinazoupa mji mzima alama moja. Hii inakuonyesha ni wapi. Ukiifungua Boston utaona duara lenye namba kubwa katikati ya mji. Likuze taratibu kwa vidole viwili. Duara linapasuka kuwa vidogo vidogo: kimoja kwenye maduka ya Pescod Square, kingine sokoni, kingine West Street kwenye baa na migahawa ya usiku. Bonyeza kimoja usome mafungu yake. Juu ya maduka utakuta wizi wa madukani umejazana, kwa sababu supamaketi zina kamera, zina walinzi na zina mazoea ya kuripoti. Wizi wa jibini na nyama kwenye supamaketi unaingia kwenye hesabu ya mji wako, lakini haukufuati mpaka mlangoni. Hama kidogo, nenda kwenye mtaa wa nyumba unayoitaka, tazama miezi kumi na miwili mmoja mmoja. Unachotafuta ni kinachojirudia. Wizi wa nyumba kila mwezi kwenye mtaa huo huo una maana. Tukio moja la mwezi wa tatu halina maana sana.

Usiichukulie nukta kama anwani, na hapa wengi hukosea. Ili kulinda siri ya waathirika, kila tukio husogezwa hadi kwenye nukta iliyopangwa tangu awali, katikati ya barabara au kwenye eneo la wazi kama bustani au maduka, na nukta yenye makazi lazima iwe na anwani zisizopungua nane. Ndiyo maana daima imeandikwa "kwenye au karibu na". Jirani yangu Mlithuania aliibiwa baiskeli uani kwetu, mnyororo ukiwa umekatwa vipande viwili chini. Tukio lilipotokea kwenye ramani, wiki nyingi baadaye, lilikuwa limewekwa mtaa wa pili. Mwenye nyumba wa mtaa ule hakuibiwa kitu, ila ukitazama ramani utadhani kwake ndiko kwenye wezi.

Fungu la ukatili na makosa ya kingono ndilo linalowatisha watu kuliko yote, na katika miji mingi ndilo lenye namba kubwa kuliko mengine. Lina haki ya kutisha, lakini lijue lina nini ndani. Humo kuna kupigwa na kubakwa, na humo humo kuna kufuatwafuatwa, kutishiwa, na meseji za matusi ambazo hazikuacha jeraha. Mengi yake hutokea ndani ya nyumba, kati ya watu wanaofahamiana. Rafiki yangu alikikataa chumba kizuri kwa sababu ya fungu hili peke yake, akaenda kupanga nje kabisa ya mji, mahali ambapo ramani ni nyeupe na basi la mwisho linaondoka jua likizama. Sasa anarudi nyumbani kutoka kazini kwa baiskeli kando ya mfereji, gizani.

Hilo la giza linaniuma sana, kwa kuwa ramani inaandika mwezi tu, haiandiki saa. Sisi wa shifti ndio tunaohitaji saa! Mtaa uliotulia mchana unaweza kuwa mwingine kabisa usiku wa manane. Juu ya hayo, kuanzia 2016 halmashauri ya kaunti ya Lincolnshire ilianza kuzima sehemu ya taa za barabarani kuanzia saa sita usiku ili kubana matumizi, na hakuna ramani ya uhalifu itakayokuonyesha nguzo isiyowaka. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ipite njia hiyo kwa miguu saa ile ile utakayotoka kazini. Nenda na mwenzako. Angalia taa, angalia vichochoro, angalia kama kuna duka lililo wazi unaloweza kuingia.

Kuna na kasoro ya kuchelewa. Takwimu huja baada ya mwezi au zaidi. Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa Southport, fujo za kuwawinda wageni zilipozuka Rotherham, Tamworth, Middlesbrough na kwingineko, tulijifungia ndani tukiuliziana kwenye WhatsApp nani yuko shifti na nani atamrudisha. Ramani haikuwa na la kutuambia usiku ule, na hata baadaye usingeona humo fungu la chuki za rangi, kwa sababu halipo. Aliyetukanwa kituo cha basi kwa rangi yake, tusi lake likiandikishwa, hukaa kwenye fungu la kuvuruga amani pamoja na walevi waliopigana. Naiomba serikali ya Uingereza ilibadili hili. Sisi tunataka kujua, na tuna haki ya kujua.

Nirudi kwenye uzuri wake, maana upo, na sehemu nzuri kuliko zote wengi hawaifungui. Chini ya ramani kuna ukurasa wa kikosi cha polisi wa mtaa wako. Aliyekulia Tanzania amfikirie polisi kata: askari wanaohusika na eneo lako hasa, pamoja na wale wasaidizi wenye sare walioanzishwa kwa sheria ya 2002, ambao hawana nguvu zote za askari lakini ndio utakaowaona wakitembea kwa miguu. Ukurasa unaonyesha mambo waliyoyapa kipaumbele, namna ya kuwaandikia, na vikao vyao na wananchi. Nilikwenda kwenye kikao kimojawapo. Palikuwa na wazee wa Kiingereza kadhaa, Mpoland mmoja na mimi. Walilalamikia magari yanayokimbizwa usiku na unywaji pombe bustanini, ingawa kunywa hadharani katikati ya mji kulipigwa marufuku tangu 2015. Nami nikasimama nikaeleza kichochoro tunachopita wafanyakazi wa usiku, kwamba taa ipo lakini kichaka kimeimeza. Msaidizi wa polisi, mama wa makamo, akatoa kidaftari, akaniomba nimchoree. Nikamchorea. Haukupita muda mrefu kichaka kikakatwa. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami kikaoni alinishika mkono akaniambia amepita pale miaka yote akiogopa na hakuwahi kusema.

Ndugu zangu, ramani hii inatengenezwa na wanaosema. Serikali yenyewe inalijua hilo: Januari 2014 takwimu za uhalifu za polisi wa England na Wales zilivuliwa hadhi ya kuwa Takwimu za Taifa, baada ya kuonekana kwamba si kila kosa linaloripotiwa linaandikishwa. Na sisi ndio tunaonyamaza kuliko wote. Tunaogopa visa, tunaogopa mwajiri, tunaogopa Kiingereza chetu. Namba 999 ni ya hatari inayotokea sasa hivi. Ukipiga kwa simu ya mkononi na huwezi kusema, bonyeza 55 ukielekezwa. 101 ni ya mambo yasiyo ya dharura, na tangu 2020 haikutozi kitu. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani wa Kiswahili bila aibu. Kama hutaki kutaja jina lako kabisa, kuna Crimestoppers, 0800 555 111. Ni kweli matukio mengi ya wizi mdogo mdogo kwenye ramani yameishia na maneno "uchunguzi umekamilika, mshukiwa hakupatikana", na yanavunja moyo. Ripoti hata hivyo, kwa sababu askari hupelekwa palipo na namba.

Ila uhalifu ulio karibu zaidi na sisi hautauona hapo hata ukikuza ramani kiasi gani. Utapeli haumo. Huo hushughulikiwa na chombo kingine cha kitaifa, ilhali katika utafiti unaowauliza wananchi wenyewe, utapeli ni takriban asilimia 40 ya uhalifu wote wa England na Wales. Na utapeli wetu tunaujua: wakala aliyekuuzia cheti cha udhamini wa visa ya kazi kwa mamilioni, mwajiri anayekukata mshahara kwa "gharama" zisizoandikwa popote, pasipoti iliyoshikiliwa "kwa usalama wako". Kwa vyeti vilivyotolewa tangu 31 Desemba 2024, mwajiri haruhusiwi kukutoza wewe ada ya cheti hicho wala ada ya leseni yake ya kudhamini wafanyakazi. Nyumba unayoishi inaweza kuwa kwenye mtaa mweupe kabisa wa police.uk, na ndani yake wakalala watu wanane wanaodaiwa. Anayelazimishwa kufanya kazi, au aliyenyang'anywa pasipoti, apige 08000 121 700, simu ya bure ya kupinga utumwa wa kisasa. Na aliye Lincolnshire akiogopa kupiga au kwenda kituoni peke yake, aniandikie hapa chini. Tutakwenda wote.