Mafundisho ya Amenemope: chagua tafsiri isiyozima moto

Anayetaka kuona sitiari za Misri ya kale zikifanya kazi aanze na Mafundisho ya Amenemope: sura 30 za mawaidha kwa mwanawe wa mwisho, za zama za Ufalme Mpya, kipindi cha mafarao cha takriban 1550–1070 KK. Nakala kuu, mafunjo nambari 10474, iko British Museum. Humo kila mshororo una mstari wake, jambo adimu katika mafunjo ya Kimisri, kwa hiyo tafsiri iliyounganishwa kuwa aya za nathari inaficha ulinganifu wa mishororo.

Utamu wenyewe uko sura ya 3 na ya 4. Ya 3 inasema mtu wa moto, saa yake ikifika, ni dhoruba inayolipuka kama moto kwenye makapi. Ukikabiliana naye, lala kwanza ndipo useme. Ya 4 inamfanya mti ulioota ndani ya nyumba: unachipua kitambo kidogo, unaishia ghala la kuni, unaelea mbali na kwao, na sanda yake ni mwali. Mkimya wa kweli ni mti wa uwandani: unazidisha mazao, tunda tamu, kivuli kizuri, na mwisho wake ni bustanini. Mwisho kwa mwisho, ghala dhidi ya bustani. Hapo ndipo balagha yote ilipo.

Kosa kubwa la mtafsiri ni kuandika "mwenye hasira" badala ya "mtu wa moto". Maana inabaki, lakini makapi, kuni na sanda vinakatika, maana vyote vilishikwa na neno hilo moja. "Mpole" kwa "mkimya" ni kosa dogo zaidi, ila linapoteza ulimi uliozuiwa kwa makusudi.

Utangulizi umejaa vyeo. Upite, lakini shika kwamba Amenemope alisimamia mashamba na vipimo vya nafaka. Ndiyo sababu sura ya 16 inamketisha nyani, yaani Thothi, mungu wa hekima na uandishi, kando ya mizani, moyo wake ukiwa timazi, na ya 17 inaita kipimo cha nafaka Jicho la Ra, mungu jua. Bila tanbihi, nyani huyo atakuchanganya. Sura ya 18 haihitaji msaada: ulimi ni usukani wa chombo, na Bwana wa Vyote ndiye rubani.

Kabla ya kununua tafsiri, fungua sura ya 4 utafute mwali na sanda. Visipokuwepo, irudishe rafuni.