Steshenari ya Kirumba iliyonichapia namba tasa ya tarakimu 39

Niliwapelekea 2 kipeo cha 127 kutoa 1, niibandike darasani kwangu: 170141183460469231731687303715884105727. Haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Édouard Lucas wa Ufaransa alilithibitisha hilo mwaka 1876, bila kompyuta, na hadi 1951 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Miaka 75!

Karatasi ya kwanza ilikosa ile 7 ya mwisho. Ikaishia na 2, yaani ni shufwa, si tasa tena. Dada wa kompyuta hakununa. Tulihakiki naye tarakimu moja moja, akachapa upya bila kuniongezea hata shilingi. Wino mweusi tii, laminesheni haina mapovu. Foleni tu ndiyo ndefu, hasa wanafunzi wakitoka shule.