Heathcliff hastahili huruma tunayompa

Assalamu alaikum, watazamaji wangu. Leo nimeketi katika daka la nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu, na kitabu nilichokishika ni Wuthering Heights, riwaya pekee ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847 kwa jina la bandia la Ellis Bell. Nakala hii ni ya Kiingereza na niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Karatasi zake ni imara, herufi ni ndogo lakini zinasomeka, na mwanzoni mna mchoro wa nasaba ya familia mbili, ambao utauhitaji sana kwa sababu mama na binti yake wanaitwa Catherine wote wawili. Kasoro yake iko kwenye jalada: mwanamume na mwanamke wamekumbatiana juu ya kilima, na nyuma yameandikwa maneno yanayomwahidi mnunuzi kisa cha mapenzi kisicho na mfano. Mnunuzi anayeamini jalada hilo atakifungua kitabu akiwa amekwisha kumsamehe Heathcliff, mhusika mkuu, kabla hajajua alifanya nini.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa msichana wa sekondari, nilimlilia Heathcliff, na sioni aibu kusema kwamba machozi yale ya mwanzo yalikuwa na haki. Ni mtoto aliyeokotwa katika mitaa ya Liverpool, mweusi wa sura kuliko wenzake, hajulikani ni wa nani, akapewa jina la mtoto wa nyumba aliyekufa. Mzee Earnshaw aliyemleta alipofariki, mwanawe Hindley alimnyima masomo, akamshusha hadi kazi za shambani na kumpiga. Sisi tunaoishi katika mji ambamo mtu bado huulizwa nasaba yake tunaujua uzito wa jambo hilo. Kisha anamsikia Catherine, dada yake Hindley na mpenzi wake tangu utotoni, akisema kwamba kuolewa naye kungemshushia hadhi, naye anaondoka kabla ya kusikia maneno yaliyofuata, ya kwamba yeye na Heathcliff ni nafsi moja. Asiyeumia hapo ana moyo mgumu.

Lakini anarudi baada ya miaka mitatu akiwa mtu mzima mwenye fedha, na kuanzia hapo ninawaomba mhesabu ni nani wanaolipa. Isabella Linton, wifi yake Catherine, hakumkosea lolote. Kosa lake lilikuwa kumpenda. Usiku anaotoroka naye, Heathcliff anamtundika mbwa mdogo wa Isabella kwa kitambaa, na baadaye anajigamba mbele ya watu kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza bibi huyo kumwona akilitenda, tena anamcheka kwa kumdhania kuwa shujaa wa mapenzi. Hebu litafakarini hilo: jina tunalompa sisi wasomaji, yeye mwenyewe amekwisha kulikataa ndani ya kitabu.

Sura ya 13 ina barua ya Isabella, ambamo anauliza kama mumewe ni binadamu, na kama ni binadamu, je, ana wazimu. Na kama hana wazimu, je, ni shetani. Jioni moja nilimsomea shangazi yangu barua hiyo, nikiieleza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwani mwana huyu hana ndugu?" Nilipomjibu kwamba anaye kaka, lakini kaka huyo ametangaza kuwa tangu siku ile ni dada yake kwa jina tu, shangazi alinyamaza, na hakutaka tena kusikia habari za mapenzi ya Heathcliff.

Kuna ukatili mwingine ambao msomaji wa pwani anaweza kuupita bila kuuona. Heathcliff anamfungia binti wa Catherine ndani ya nyumba, anampiga makofi, na kumlazimisha kuolewa na mwanawe aliyezaa na Isabella, aitwaye Linton, aliye mgonjwa, huku baba yake msichana yuko katika sakarati. Kwa nini ndoa hiyo? Kwetu, kwa sheria ya dini, mali ya mke hubaki yake hata akiolewa, lakini katika Uingereza ya wakati ule mali ya mke inayohamishika ilikuwa ya mume, na mabadiliko makubwa yalikuja kwa sheria za mwaka 1870 na 1882. Linton, kabla ya kufa, anamwandikia baba yake mali yake na ya mkewe. Ndoa ile ilikuwa njia ya kumnyang'anya yatima.

Wanaomtetea husema kwamba mateso ya utotoni ndiyo yaliyomfanya vile. Hoja hiyo mwandishi ameipima kwa Hareton, mwana wa Hindley. Heathcliff anamchukua mtoto huyo baada ya baba yake kufariki na kusema kwamba tutaona kama mti mmoja hautapinda kama mwingine ukipigwa na upepo ule ule. Sisi wa Lamu tunaijua miti iliyoinamishwa na kusi. Hareton ananyimwa kusoma, anafanyishwa kazi bila ujira katika nyumba ya mababu zake, na hajui hata kwamba amedhulumiwa. Anakua mkali wa maneno na mwenye haya, lakini hawi katili: anajifunza kusoma kwa siri, anachekwa, anarudia tena, na hatimaye anafundishwa na binti yule yule wa Catherine aliyemcheka.

Heathcliff anapokufa, Hareton peke yake ndiye anayehuzunika kwa dhati. Anakesha kando ya maiti akilia, ameushika mkono wake na kuubusu uso ambao wengine wote waliogopa kuutazama. Mkifika pale, nawaomba mmtazame kwanza yule anayelia, kabla ya kumtazama aliyelala.